Uji wa Saa Nne

Mbooni
Jumapili, 18 Februari 2024

Mwanangu Kavata,

Hujambo, na huko Matinyani mmeamkaje? Sisi huku kwenye baridi ya mlima tuko wazima, Mungu ametuhurumia. Mguu wangu umepoa. Masikio ni yale yale, hayasikii hata kengele ya kanisa, kwa hivyo usijisumbue kupiga simu. Bintiyo Kanini hupokea, ananiandikia maneno mawili kwenye karatasi na kusahau mengine kumi. Musyimi akishuka na matunda yake soko la Kitui, Jumanne na Ijumaa, atakuwa anabeba barua zetu. Nimeshapatana naye, malipo ni chai ya maziwa.

Tangu wewe na mwenzako Nderitu mfungashe kile kiti chenu cha kukunja mwondoke, shule haijatulia. Watoto mia moja na kumi na wawili wanatembea midomo wazi, kila mmoja anataka kumwonyesha mwenzake gego lililopakwa. Wewe unasema ni vizibo vya meno. Sawa, lakini nilichoona mimi ni fundi akijaza nyufa za ukuta kabla mchwa hawajaingia, kwa hivyo mimi naiita saruji. Kanini ana manne. Kila asubuhi ananipanulia mdomo niyahesabu, kana kwamba yangetoroka.

Sasa msikie mama yako alivyogeuka askari. Uliwaambia watoto, ‘Ukimaliza kula, mswaki mara moja.’ Mimi sikusikia, lakini Mwalimu Mkuu Munyao aliniandikia kwenye karatasi, nami nimeibandika ukutani jikoni. Saa nne uji ukishanywewa, nasimama pale kwenye tangi na mwiko wangu. Hakuna anayeingia darasani kabla sijaona povu mdomoni. Walimu wananicheka, nami nawaacha wacheke. Miaka kumi na moja nimepika uji wa shule hii na hakuna aliyewahi kuniuliza lolote ila kama umeiva. Sasa nina kazi mbili, na ya pili nimepewa na binti yangu.

Unga walioleta muhula huu una harufu ya gunia. Ukiupika hivyo hivyo watoto wanaumwaga nyuma ya choo. Nimeutia ukwaju, kama marehemu susu, bibi yako, alivyotufundisha, na sufuria inarudi tupu. Ukwaju ulioniletea Krismasi umekaribia kuisha. Ukipita Ikutha unikumbuke. Na miswaki pia, kuna wanane wameshapoteza yao na mmoja amempa mbuzi.

Mama yako,
Mbula


Matinyani
5 Machi 2024

Mwaitu mpendwa,

Nimefurahi mguu umepoa. Mimi ni mzima, ila jua la Ikutha limenikausha nikawa rangi ya njugu. Mwambie Kanini nimepata barua yake yenye picha ya meno manne, na kwamba meno ya watu hayana miguu.

Mwaitu, mama yangu, nilicheka mpaka Nderitu akaja kuniangalia. Nakuona pale tangini na mwiko. Endelea hivyo hivyo, usimwachie hata mmoja. Ningekuwa na wapishi kumi kama wewe nisingehitaji huu mradi wa vizibo.

Wiki iliyopita Ikutha niling'oa magego mawili ya msichana wa miaka tisa, Kanyiva. Magego ya ukubwani, Mwaitu, yale yanayoota mtoto akifika miaka sita na hayaoti tena. Shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limefumba. Nilipomaliza alinishukuru. Angepata vizibo miaka miwili iliyopita ningekuwa sina la kushukuriwa, naye angekuwa na meno yake. Wakubwa wa mradi wamesema shule yenu ndiyo kipimo. Oktoba tutarudi kuhesabu. Vizibo vikiwa vimeshika, tunaenda Ikutha, shule ishirini na mbili. Vikiwa vimetoka, vifaa vitafungwa na pesa zitaenda kwingine. Ndiyo maana naomba uendelee kuwa askari.

Ijumaa Musyimi atakuletea miswaki sitini na debe mbili za ukwaju, mwekundu, umekauka vizuri. Nimeufunga mwenyewe kwenye gunia. Watilie mpaka walambe vikombe.

Binti yako,
Kavata


Mbooni
Jumapili, 16 Juni 2024

Mwanangu Kavata,

Salamu nyingi, na pole na safari za vumbi. Sisi tuko salama. Mvua ilikatika mapema, maharagwe yamebaki nusu ya ilivyotakiwa, lakini maparachichi yamekubali. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta maneno.

Jumatano Kanini alikunywa maji ya tangi akashika shavu. Nikamkalisha mlangoni penye mwanga, nikamwambia afungue. Ile saruji yako, mwanangu, siioni. Pale ilipokuwa nene na nyeupe sasa pamelambwa, na kwenye gego moja la chini kuna doa la kahawia. Nikadhani ni macho yangu yanataka kuyafuata masikio. Kesho yake tangini nikawaangalia watoto kumi na watano. Tisa wako hivyo hivyo.

Usifikiri nakulaumu. Labda dawa ilikuwa imekaa sana dukani, labda mliharakishwa na wale wa gari. Sijamwambia mtu. Lakini siwezi kukaa nikitazama kazi yako inapotea, kwa hivyo nimeongeza bidii. Sasa wanapiga mswaki mara mbili shuleni, baada ya uji na baada ya mahindi na maharagwe ya mchana, na wanasugua kwa nguvu mpaka wahesabu mia. Nimewaambia sitaki mikono ya kubembeleza. Uji nao nimeuongeza ukwaju, maana unga wa safari hii ni mbaya kuliko ule, na mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kushika mswaki.

Jumatano sitakuwa shuleni, nina kliniki ya mguu mjini Wote. Kathini, yule jirani yetu, atanishikia jiko. Uniandikie unavyofikiri, lakini kwanza ule.

Mama yako,
Mbula


Shuleni, Mbooni
Jumatano, 19 Juni 2024

Mama,

Sina muda wa salamu. Naandikia kwenye ofisi ya Mwalimu Munyao nawe uko Wote. Barua yako ilinifikia jana, na leo asubuhi tumekuja na Nderitu bila kumtangazia mtu.

Tumewaangalia watoto arobaini. Ishirini na saba vizibo vyao vimelika. Havijabanduka. Vingebanduka ningesema ni mkono wangu. Vimelika kutoka juu, kidogo kidogo, kama sabuni iliyosahauliwa majini. Kinachofanya hivyo ni asidi, yaani uchachu, tena wa kila siku. Nderitu amewauliza watoto kama wanakunywa soda, wakamcheka, soda wanaiona Krismasi. Halafu Kathini akatuletea uji, akasema ameupika kwa kipimo chako. Nilionja nikasikia meno yangu mwenyewe yakifa ganzi.

Ungeniuliza, Mama. Hiyo ni sufuria ya watoto wa watu, sio jiko la nyumbani ambapo kila anayepita anaonja na kuongeza. Nimemwagiza Mwalimu Mkuu ukwaju uishe leo. Kwenye ripoti nitaandika kilichotokea na nitalazimika kusema ulitoka wapi. Miezi minne ya kazi, na shule ishirini na mbili zinazongoja, zimeyeyuka kwenye sufuria yako.

Gego la Kanini limeanza kutoboka. Kati ya wote, limeanza kwa mwanangu.

Kavata


Mbooni
8 Julai 2024

Kwa Afisa wa Meno ya Watoto,
Matinyani.

Barua yako ya tarehe 19 Juni nilikabidhiwa na Mwalimu Mkuu ikiwa wazi, bila bahasha. Yeye ameisoma, walimu wameisoma, na mwenye duka la pale chini alinipa pole kabla sijaisoma mimi.

Kama ulivyoagiza, ukwaju uliisha siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza watoto walimwaga uji. Wiki ya pili wakaacha kuleta vikombe. Jumatatu iliyopita mtoto wa gredi ya kwanza alianguka wakati wa kupandisha bendera. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu mchana wa jana yake.

Kwa faida ya ripoti yako, uandike pia kwamba debe mbili za ukwaju zilifika hapa tarehe 8 Machi zikiletwa na Musyimi, na gunia lilikuwa na jina la aliyetuma. Barua iliyokuja nazo ninayo. Inasema niwatilie mpaka walambe vikombe.

Kuanzia leo sipiki. Mwiko nimemkabidhi Kathini.

Mbula Nyamai,
aliyekuwa mpishi


Matinyani
14 Julai 2024

Mwaitu mpendwa,

Uko hali gani? Kliniki walisemaje kuhusu mguu? Unalala vizuri? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu mara ya mwisho sikuuliza hata moja.

Barua ile niliiacha juu ya meza ya Mwalimu kwa sababu nilikuwa na hasira na gari lilikuwa linapiga honi. Hata ingekuwa na ukweli mtupu, haikufaa isomwe na mtu mwingine kabla yako. Na haikuwa na ukweli mtupu. Nilikuwa nimesahau gunia. Nakuapia, Mwaitu, sikuficha, nilisahau kabisa kwamba nililifunga kwa mikono hii. Niliposoma maneno yangu yakinirudia kutoka kwako, nilikaa chini sakafuni.

Usiache jiko kwa sababu yangu. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Kavata


Matinyani
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mwaitu mpendwa,

Natumai hujambo. Musyimi anasema unaenda shambani na kanisani na kwamba ukipita shuleni hugeuki. Nimemuuliza mara nne kama umempa barua, naye mara nne amepekua mifuko yake kwa heshima, ingawa sote tulijua hamna kitu.

Naandika tena kwa sababu kuna jambo nimelijua na ni lako kulijua kabla ya watu wengine.

Kliniki huwa tunabaki na magego tuliyong'oa. Nilichukua kumi na mawili, nikayasafisha, nikayapaka vizibo kwa dawa ile ile. Nikapika uji wako. Siku ishirini na moja, mara kadhaa kila siku, yote yalikaa kwenye uji muda wa kikombe kimoja. Manne nikitoa niliyasuuza kwa maji tu. Manne sikuyafanyia kitu. Manne niliyasugua kwa mswaki papo hapo, kwa nguvu, kama watoto wa pale tangini. Si utafiti wa chuo kikuu, ni vikombe vitatu kwenye dirisha langu. Lakini Nderitu ameyatazama bila kuambiwa yapi ni yapi, akaona nilichoona. Yaliyosuuzwa yamechakaa kidogo. Yaliyoachwa yamelainika juu. Yaliyosuguliwa papo hapo yamebaki tupu.

Uchachu ulilainisha, Mwaitu, na mswaki ukakwangua. Kama wangesukutua maji, wakangoja angalau saa moja mate yafanye kazi yake, tungepoteza vichache. Na hilo la kungoja limo kwenye vitabu nilivyosoma. Niliulizwa kwenye mtihani nikapata. Lakini nikisimama mbele ya watoto mia moja, ‘mara moja’ ni rahisi kusema kuliko ‘ngoja’. Na ulipoandika Februari kwamba unatia ukwaju, jicho langu lilipita juu ya neno hilo kama lilivyopita juu ya neno maji. Nimelelewa na uji huo. Sikuwahi kuuona kuwa ni kitu kichachu. Kwangu ulikuwa uji tu.

Wewe hukukosea. Ulifanya nilichosema, na ulikifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Mpishi mvivu angeyaokoa magego yale. Hilo ndilo linaloniliza.

Ripoti nimeipeleka. Nimeandika ukwaju, nimeandika mswaki, na jina nililotaja ni moja, langu. Wamenitoa kwenye uongozi wa mradi, Nderitu ndiye anasimamia mpaka waamue. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia usije ukaambiwa na mwenye duka.

Shule zikifunguliwa, tafadhali rudi jikoni.

Binti yako,
Kavata


Mbooni
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mwanangu Kavata,

Salamu kutoka nyumbani kwenu. Tuko wazima. Mguu unavumilika, kilichokuwa kigonjwa zaidi ni kiburi. Kanini ameota jino la mbele na sasa anapiga mluzi vibaya, mimi ndiye pekee nisiyeudhika.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na nilikuwa naifurahia. Nilimwona Musyimi akinyoosha shingo kila Ijumaa nami nikampa chai peke yake. Haya, hilo limepita.

Alhamisi ilikuwa mkutano wa wazazi. Nilienda nikaketi nyuma, Kathini akiniandikia yanayosemwa. Mwalimu Munyao akasoma ripoti yako. Alipofika mwisho watu wakapiga makofi. Nikamuuliza Kathini wanashangilia nini. Akaandika, ‘Wanasema kosa ni la daktari, wewe huna kosa, uji urudi.’

Nikasimama. Najua napiga kelele nikisema, siku hizi sijisikii, lakini siku hiyo sikujali. Nikawaambia daktari huyo nimemzaa mimi, na ripoti yake ina uongo ndani.

Sasa na wewe usikie. Doa la Kanini sikuliona Juni. Nililiona mwanzo wa Mei. Mwezi mzima nilijua saruji inaliwa nami nikanyamaza. Tena mimi nimeosha masufuria kwa makapi ya ukwaju tangu niolewe. Masizi ambayo mchanga umeshindwa, ukwaju unayatoa. Mtu anayejua hivyo anaweza kujiuliza meno yanafanywa nini. Sikutaka kujiuliza. Nilipenda kuona vikombe vikirudi vimelambwa. Nilipenda watoto wakinikimbilia, Kavata. Hapa nyumbani nimekaa kwenye ukimya mwaka wa tatu, na pale saa nne nilikuwa naona nyuso mia moja zikinichekea kwa furaha. Kwa hivyo nilipoona doa niliongeza mswaki, nikaongeza na ukwaju, ili wasiache kunikimbilia.

Haya nimeyasema mbele ya wazazi wote. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini mama mmoja alikuja akaketi karibu nami, akanishika mkono mpaka mkutano ukaisha.

Tumekubaliana hivi. Uji unarudi, ukwaju robo ya ule wa zamani, na wenye ng'ombe wanaleta maziwa kwa zamu kuuvunja ukali. Wakishakunywa wanasukutua maji mara mbili, basi. Mswaki ni nyumbani, asubuhi kabla ya kula na jioni kabla ya kulala. Unga wenye harufu ya gunia Mwalimu ameurudisha. Kathini amenipa mwiko wangu kwa furaha kubwa, na watoto wamefurahi zaidi, maana uji wake, tusisengenye, una madonge.

Ombi langu ni moja. Usiniandikie tena kwamba sikukosea. Iliniuma kuliko ile barua ya wazi. Unanibeba kama mgeni. Nipe nusu yangu.

Mama yako,
Mbula


Matinyani
27 Oktoba 2024

Mwaitu wangu,

Uhali gani, na mguu, na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipokuja kuhesabu? Mimi ni mzima. Nimesoma barua yako ya Septemba mara nyingi, na nusu yako nimekupa. Sasa tumegawana, na yangu imekuwa nyepesi kidogo.

Kanini amekusimulia alivyokuwa jasiri, lakini ukweli ni kwamba alinishika kidole mpaka kikawa cha bluu. Shimo halikuwa limefika ndani. Nimelisafisha, nimeliziba, gego litabaki. Nilipomaliza nilitoka nje kidogo nikalia nyuma ya tangi, nikarudi kwa mtoto mwingine. Kwa jumla vizibo vilivyobaki vizima ni vya watoto thelathini na wanane kati ya mia moja na kumi na wawili. Kumi na mmoja wana matundu. Wengine tumewapaka upya, na upakaji huo nitaufuatilia mwenyewe kila muhula, hata kwa siku zangu za likizo.

Wakubwa wamekaa wiki iliyopita. Walitaka kufunga. Nderitu akawasomea barua yako, Mwaitu, nisamehe, nilimpa ruhusa ya ule ukurasa wa mkutano. Wamekubali Ikutha, lakini si shule ishirini na mbili. Ni sita, na hatutampaka mtoto hata mmoja kabla ya kukaa na wapishi na kujua kila kinachoingia kwenye sufuria. Mwaka jana nilizunguka shule zote zile nikawasalimia walimu wakuu, wazee wa kanisa, mpaka chifu. Mpishi sikumsalimia hata mmoja. Na huko Mbooni mpishi alikuwa mama yangu.

Kwa hivyo naomba jambo kubwa. Februari, Nderitu atakaa na wapishi wa Ikutha. Mimi wakati huo niko zamu ya kuwakagua watoto wa kwenu, nitakaa na Kanini na kusimama jikoni na Kathini. Nenda Ikutha badala yangu. Najua joto, najua mguu, najua masikio. Lakini mimi nikiwauliza watanijibu wanachofikiri nataka kusikia.

Binti yako,
Kavata


Ikutha
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Kavata,

Hamjambo huko nyumbani kwangu? Kuku wanakula? Kanini anasukutua? Mwambie nimemwona ngamia mmoja amefungwa kamba, hakufurahi kuniona. Mimi ni mzima, ila joto la huku halina adabu, linaingia mpaka kwenye Biblia. Nakaa kwa Wavinya, mpishi wa shule ya kwanza. Amenipa kitanda chake na yeye analala kwa binti yake, na nimekataa mara tatu bila faida.

Jana tulikutana darasani, wapishi sita, Nderitu na mimi. Wavinya alikuwa ananiandikia ubaoni kwa chaki. Nderitu alieleza vizuri juu ya uchachu na meno, akachora na gego. Kisha akauliza nani anatia ukwaju. Wote wakatazama meza. Akazunguka mmoja mmoja. Hapana, hapana, sisi ni unga na maji tu. Akawa anaandika hizo hapana kwenye fomu yake, naye mwenyewe nikaona haziamini.

Mimi niliwaelewa. Mtu akija na fomu kuuliza unachotia kwenye sufuria, unajua anatafuta wa kufukuza. Hata mimi ningesema unga na maji.

Wavinya akaandika ubaoni, pengine kwa kejeli kidogo, ‘Na wewe mama, huko kwenye mradi wewe ni nani?’

Nikasimama. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema mimi ni mpishi, na nimeharibu meno ya watoto sabini na wanne. Nikasema nilikosea pamoja na daktari wa mradi, kila mtu nusu yake, na daktari huyo ni binti yangu. Nikawaambia kuhusu barua ya wazi, na mwenye duka, na mtoto aliyeanguka kwenye bendera. Nikawaambia nilivyoona doa nikanyamaza, na kwa nini nilinyamaza. Nikasema sikufukuzwa, na mwiko wangu ninao. Sijui nilikuwa napiga kelele kiasi gani. Nderitu alikuwa amevua miwani anafuta macho.

Wavinya akatoka nje. Nilidhani nimemkasirisha. Akarudi na mfuko wa ukwaju, akauweka juu ya meza. Kisha wa pili akatoka, huyo akaleta chupa ya maji ya ndimu. Wa tatu alikuwa na wake kwenye mkoba muda wote, na wa nne na wa tano vivyo hivyo. Wa mwisho alikawia, shule yake ni ya mbali akasema kesho, lakini akamwambia Nderitu kiasi anachotia, kwa vikombe, naye akaandika.

Nderitu akararua zile fomu za hapana.

Halafu Wavinya akachukua chaki akaandika, ‘Sasa mama, tufundishe.’ Nikamwambia hapana. Nikamvutia kiti, nikamwambia keti kwanza, wewe uniambie watoto wako wanapenda uji wao ukiwaje.

Narudi Ijumaa. Msinichinjie kuku.

Mama yako,
Mbula